Kabla Hujatundika Jina Lako Ukutani

Mwende,

Mama yako amekuchosha na habari ya blanketi, ya kuchemsha maji, ya kutokaa karibu na mlango wa basi. Hayo yote nayaruka. Mama yako akishamaliza kuusia mtu, hakuna kinachobaki. Wewe umeenda kuaga kanisani, mimi nimekalia mtungi hapa mlangoni mwanga ukiwa bado upo, na nimeazima ile kalamu yako ya bluu. Ukifika chuoni ukute wino umeisha, ujue ni babako, na ujue sijutii.

Usicheke mwandiko. Watu wa Kawangware walikuwa wakiuona kwenye bahasha za dawa wanaambiana, "Huyu kweli ni daktari, hakisomeki kitu." Hicho ndicho kitu pekee nilichofanana na madaktari, na nilikitumia vizuri. Mimi wa darasa la saba, tena la saba lenyewe sikulimaliza, nimetoka Kitui na viatu vya kaka yangu, nikavaa koti jeupe mpaka wenye digrii wakaniita dakta. Nitajiringa kidogo kabla sijafika kwenye yale mengine. Niache.

Siku ile ulipokuwa unafua uliniuliza, "Baba, kwani mfamasia hulipwa ngapi?" Nami vile unanijua, nikapiga kifua: "Wewe? Utalipwa mpaka ukose pa kuweka!" Ukacheka. Mama yako hakucheka. Mzee Kamau mwenye nyumba, aliyekuwa amekuja kuangalia ule mfereji wake unaovuja, alicheka kuliko wote, kisha akaniita kando.

Alichoniambia kule kando unakijua, maana nilirudi nikakitangaza plot nzima kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Mzee atakulipia karo mpaka umalize. Ukimaliza, cheti chako kitatundikwa kwenye kemisti yake mpya. Si lazima usimame pale. Utafanya kazi popote utakapo, na kila mwisho wa mwezi utaletewa bahasha. Nikamwambia, "Mzee, hiyo tumemaliza." Sikukuuliza wewe. Sikumuuliza mama yako. Ulinyamaza siku hiyo yote ukianika nguo, na mimi nikajiambia, mtoto amezidiwa na furaha.

Kesho asubuhi kabla hujatoka Mzee anakuja kulisikia neno hilo kutoka kinywani mwako. Kwa hiyo leo nataka nilijibu swali lako tena, bila kupiga kifua.

Unalikumbuka duka la zamani. Uliletwa pale ukiwa mdogo, ukakalia katoni za sharubati ya kikohozi ukazibonyeza zote. Kuingia kulia ni kaunta yangu, kushoto ni mizani ya kupimia watoto, na juu ya mizani, kwenye fremu ya dhahabu bandia, cheti cha Ochieng'. Kisheria kemisti haifunguliwi bila cheti cha mfamasia ukutani. Mzee Kamau alikuwa na plot, alikuwa na mabati, alikuwa na pesa. Cheti hakuwa nacho. Ochieng' alikuwa na cheti. Plot hakuwa nayo. Mimi sikuwa na chochote ila mdomo. Tukaungana hivyo watatu, na kila mtu akaona amewapata wenzake.

Ochieng' alikuwa ameajiriwa hospitali ya serikali, na bado alikuwa akikaa Kisumu Ndogo kule Kibera, nyumba moja na mama yake na wadogo zake aliokuwa akiwasomesha. Mshahara wa serikali ulikuwa ukifika umeshachoka. Akaamua kukodisha cheti, kama wanavyofanya wengi, na sijamsikia mwenye cheti akisema ni vibaya. Wanasema tu, "Nimeweka jina mahali."

Mwanzoni alikuwa anakuja kila Jumamosi. Alikuwa anaingia, anachagua dawa zilizopitwa na muda anazitupa huku Mzee Kamau akiumia kama anang'olewa jino, halafu anasimama kaunta na mimi. Na hapo ndipo alipokuwa ananichosha. Nakumbuka mama mmoja alikuja kununua dawa zake za sukari.

"Umekula?" Ochieng' akamuuliza.

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Chai."

"Chai si chakula, mama. Nenda ule kwanza, hizi zitakungoja."

Na mama akaenda! Pesa mkononi, akaenda. Mimi nikajishika mbavu. "Dakta," nikamwambia, "wewe ungekuwa na bucha ungeuliza wateja kama wana meno."

"Ningeuliza, Mutinda," akasema, wala hakucheka. "Na asiye nayo ningemsagia."

Kulikuwa na mwingine, kijana wa kazi za mjengo, alitaka vidonge viwili tu vya antibayotiki, kama tulivyozoea kuuza, viwili viwili kama peremende. Ochieng' akakataa. Anunue zote amalize, au asinunue. Kijana akatusi, akavuka barabara, akanunua kwa jirani. Mzee Kamau alikuwa amekaa nje kwenye benchi anaona yote. Jumamosi iliyofuata akamwita Ochieng' pembeni, na mimi masikio yangu unayajua.

"Dakta, ukija hapa watu wanatoka mikono mitupu. Wewe kaa huko hospitalini upumzike. Bahasha Mutinda atakuletea."

Ochieng' akatazama fremu yake. Nilidhani atakasirika. Akasema, "Sawa, mzee." Kisha akaniambia mimi, tukiwa tunafunga, "Umeona maajabu? Huku nalipwa zaidi nisipokuja kuliko nikija."

Hilo ndilo jambo la kwanza, Mwende, na nilikuwa nimelisimamia nikiwa na funguo mkononi, na sikuliona. Mimi mwenyewe nilikuwa napata kitu kidogo juu ya mauzo. Kila mgonjwa aliyetoka na chupa tatu badala ya moja alikuwa amenipandisha. Mgonjwa aliyehitaji kuambiwa "kunywa maji ulale, hii itaisha yenyewe" alinishusha. Ukivuka tu pale mwisho wa lami uingie Lavington kwa matajiri, kuna kemisti yenye kioo na ua wa maua, vidonge ni vilevile, kiwanda kilekile, lakini mfamasia wake analipwa mara nyingi kuliko wa kwetu. Nilidhani ni kwa sababu amesoma zaidi. Labda. Lakini niliwahi kutumwa pale kuazima dawa, nikamkuta amekaa na mzee mmoja mweupe wa nywele, anamweleza habari ya kidonge kimoja, na mzee hana haraka, na mwenye duka hana haraka. Kule wanamlipa kuongea. Huku kwetu tulikuwa tunamlipa Ochieng' kunyamaza.

Na kuna tabia yangu nyingine. Mteja akija na malalamiko, dawa imemwasha, dawa haikufanya kazi, nilikuwa nainua kidole naonyesha ile fremu. "Mimi ni wa kutoa tu. Mwenye duka la dawa ni huyo hapo. Soma jina." Ilinisaidia sana. Watu walikuwa wanalisoma jina, wanaguna, wanaondoka. Watoto wa mtaa ambao hawakujua kusoma kitu kingine walijua kusoma jina la Ochieng'.

Halafu ukaja uchaguzi.

Sitakueleza yale uliyoyaona kwa macho. Ulikuwa chini ya kitanda na mama yako, mkisikiliza mabati. Nitakueleza ya dukani tu. Magari ya dawa hayakuja. Mjini kwenye maduka ya jumla kumefungwa. Kawangware imegawanyika kichochoro kwa kichochoro, huku wanakuuliza jina kwa Kikuyu, pale kwa Kijaluo, na sisi Wakamba kila upande unatuambia, "Nyinyi mko wapi? Semeni!" Mzee Kamau akajifungia kwake. Mimi nikainua mlango wa duka nusu, nikainama ndani, nikauza kupitia pale chini.

Nikuambie ukweli, nilifurahi. Watu walikuwa wanapiga magoti kwenye vumbi kunifikia. "Dakta, uko na ya presha? Dakta, mtoto ana joto." Hakuna hospitali, hakuna kliniki, niko mimi. Nilijiona mkubwa kuliko tume ya uchaguzi.

Mama Njoki alikuja asubuhi. Unamjua, yule wa sukumawiki mwenye mkokoteni wa kijani. Mama yake mzee, tuliyemwita Cucu kama walivyomwita wajukuu zake, alikuwa na sukari miaka mingi, na dawa zake ni vile vidonge vikubwa vyeupe. Vilikuwa vimeisha. Lakini kulikuwa na vingine, vidogo, vya ugonjwa huohuo.

"Hivi ni vipya?" Mama Njoki akauliza, akivigeuza kiganjani. "Mbona vidogo hivi?"

"Kidogo ndicho kikali," nikasema, na nikacheka. "Ni kazi ileile. Anywe kama kawaida, viwili asubuhi, viwili jioni."

Akasema asante dakta. Akatambaa akatoka.

Vile vidogo si kazi ileile. Vile vikubwa ni vya upole, vinashusha sukari taratibu. Vidogo vinaivuta chini kwa nguvu, na ukivimeza tumbo likiwa tupu vinaendelea kuivuta mpaka hakuna ya kuvuta. Utafundishwa haya labda wiki ya kwanza. Mimi niliyajua siku iliyofuata. Na tumbo lilikuwa tupu, Mwende. Unga ulikuwa umekwisha mtaa mzima, na Cucu alikuwa akipewa ugali wake anawagawia wajukuu anasema ameshiba. Ningeuliza neno moja tu ningejua. Lile neno la Ochieng' nililolicheka.

Kesho yake Mama Njoki alikuja bila viatu. "Dakta, mamangu haamki! Anatoka jasho kama amemwagiwa maji!"

 Nikampigia Ochieng' simu. Alikuwa nyumbani Kisumu Ndogo, nasikia watu wanapiga kelele nyuma yake. Nikamweleza nilichotoa. 

"Amekula?" akauliza.

"Sijui."

"Hukuuliza."

"Sikuuliza, dakta."

Hakunitukana. Ningependa angenitukana. "Sikiliza. Mpake sukari kwenye ufizi, ndani ya shavu. Usimnyweshe, atapaliwa. Kwenye rafu ya juu kuna chupa za glukosi za kutundika, ziko?"

Nikainua macho. Zilikuwa juu ya kichwa changu wakati wote. "Ziko."

"Chukua moja na mpira wake, nenda nayo kwa huyo mama. Nakuja."

"Usije, dakta. Huku ni kubaya. Huku jina lako la Kijaluo—"

Alikuwa ameshakata.

Nilimpa Mama Njoki sukari akakimbia nayo. Nilikuwa napanda ngazi kufikia ile rafu niliposikia vijana nje. Habari ilikuwa imeshatembea, na ilikuwa imeota mbawa njiani. Wanalisha watu wetu sumu. Ni ile kemisti. Mmojawapo akainama chini ya mlango, nilikuwa nimemuuzia dawa ya malaria wiki chache nyuma.

"Nani alimpa nyanya sumu?"

Mimi huwa nasema uongo vizuri sana, unanijua. Siku hiyo uongo haukuja. "Ni mimi," nikasema. "Si sumu. Nilikosea dawa. Ni mimi."

Wakacheka! Mwende, walicheka. "Wewe Mkamba toka hapo, hatuna shida na wewe. Wewe ni wa kutoa tu."

"Ni mimi, nawaambia! Mimi ndiye daktari hapa!"

"Daktari ni huyu." Akainua kidole akaonyesha fremu, vilevile nilivyokuwa nikionyesha mimi. "Si wewe hutuambia tusome jina?"

Miaka yote nilijiita daktari wakaniamini. Siku moja tu niliyotaka waniamini kwa dhati, nikawa kijana wa kaunta. Walivunja fremu kwanza, kisha kioo, kisha wakaanza kubeba. Mimi nilitoka na ile chupa ya glukosi ndani ya koti, hakuna aliyenigusa, hakuna aliyenitazama.

Ochieng' alitembea kutoka Kibera kwa kupita nyuma ya nyumba, njia za watoto. Alifika kwa Mama Njoki ameraruka suruali. Hakunisalimu. Alipiga magoti, akatafuta mshipa kwenye mkono wa yule mzee, mkono mwembamba kama kijiti cha kukaushia samaki kwa moshi, akakosa, akatafuta tena, akapata. Akaniambia nishike chupa juu. Nikasimama pale nimeinua chupa, maji yanashuka matone matone. Cucu akafungua macho. Akasema kitu kwa Kikuyu. Mama Njoki akaanza kulia na kucheka.

"Mpe uji," Ochieng' akasema. "Mwingi. Na vile vidonge nipe mimi." Akavitia mfukoni.

Alipotoka nje wale vijana walikuwa langoni. Wakamwambia atoe kipande cha kitambulisho. Angeweza kusema amekipoteza. Akakitoa, kwa sababu ni mtu wa kutoa kipande akiambiwa. Wakasoma.

"Si huyu ndiye wa ukutani?"

Aliinua mkono wa kulia kuukinga uso. Pigo la kwanza lilitua hapo, na la pili, na la tatu. Mimi nilipiga kelele, na nikashikwa nikatupwa kwenye mtaro. Aliyewazuia ni Mama Njoki. Alitoka nyumbani na sufuria ya uji mkononi akamlalia Ochieng' juu pale chini, uji ukawamwagikia wote wawili.

"Nipigeni mimi!" akawa analia. "Huyu ndiye amemwamsha mamangu! Nendeni ndani mkamwangalie, wajinga nyinyi! Nipigeni mimi kwanza!"

Mmoja akaenda kweli kuangalia. Akarudi akasema, "Ameamka kweli." Wakaondoka mmoja mmoja, kama watu waliokumbuka wana kazi mahali.

Tulimlaza Ochieng' kwenye ule mkokoteni wa kijani, tukamfunika magunia, tukapanga sukumawiki juu yake, nikamsukuma mpaka hospitali nikisema njiani ni mboga, ni mboga tu. Hiyo ndiyo mara yangu ya kwanza kusukuma mkokoteni. Kama unavyoona, sijauacha.

Wakubwa walipopeana mikono kwenye televisheni, watu walitoka wakakumbatiana barabarani. Mimi nilienda kumwona Cucu. Ni mzima, anakula. Lakini anamwita Mama Njoki kwa jina la dadake aliyekufa zamani, na wajukuu wake hawatambui. Ubongo ulikaa bila sukari muda mrefu. Nilipoingia alinishika mkono akanibariki. Sijui alidhani mimi ni nani.

Na Ochieng' vidole vyake vitatu havikunji. Wakubwa wa kazi yake walisikia jina lake lilikuwa limetundikwa mahali asiposimama, wakamwita, wakachukua cheti. Sasa yuko Kisumu Ndogo anamsaidia mama yake kuuza omena, vile vidagaa vya ziwani. Anapima kwa mkono wa kushoto, na anapima sawasawa.

Huu mwaka wote sikumtembelea. Nilikuwa napeleka makaa Silanga, si mbali na pale, nikipita njia ya mbali. Lakini Mzee Kamau aliponiahidi yale ya karo, kifua kikanijaa, nikaona sasa nina habari ya kumpelekea. Jumapili nilienda. Nikamkuta amekaa na beseni la omena.

"Niaje, dakta."

"Mutinda. Bado una meno, naona."

Nikacheka, tukakaa. Nikamwambia Mwende anaenda chuo, anaenda kusomea dawa, tena Kisumu, kwenu huko. Akafurahi kwa dhati, nilimwona. Kisha akauliza, "Cheti atatundika wapi?" Nikamweleza. Nikamweleza yote, mpaka na yale maneno ya mwisho ya Mzee Kamau ambayo nyumbani sikuyasema. Na sasa nakuambia wewe. Mzee alinishika bega akasema, "Unajua nimefikiria sana. Jina la Kikamba ni jina zuri la kuweka ukutani. Halina shida na upande wowote." Na mimi, Mwende, nilijisikia nimesifiwa. Nilirudi nyumbani natabasamu kwa sababu mtu ameliangalia jina la mwanangu kama anavyoangaliwa ng'ombe sokoni, akaona lina kwato nzuri.

Ochieng' aliendelea kupima omena mpaka mteja akaondoka. Akasema, "Mwambie mtoto hivi. Siku zote nilizolipwa pale Kawangware sikuwa nafanya kazi. Siku moja tu niliyofanya kazi ya mfamasia, hakuna aliyenilipa."

  Akanifungia omena kwenye gazeti, ndizo mlizokula jioni ile mkasema ni tamu.

Kwa hiyo uliuliza mfamasia hulipwa ngapi. Inategemea, mwanangu. Karatasi ina yake, digrii inaipita diploma. Serikali ina yake na duka binafsi lina yake. Upande wa barabara una yake, umeona Lavington. Lakini hayo utaambiwa na yeyote. Mimi niliyakalia miaka kwenye kaunta na nakuambia la zaidi, wanakulipa pia kwa yale watakayokuomba usiyafanye. Usiulize. Usikatae. Usije. Kila moja ina bei yake, na bei ni nzuri, sitakudanganya. Na kuna wanaoangalia jina lako wala si wewe, leo ni jina zuri, kesho mambo yakigeuka ni jina baya, na utakuwa umeshaliacha ukutani kwa mtu mwingine, na kijana fulani mwenye mdomo kama wangu analionyesha kwa kidole. Huko Kisumu wewe ndiye utakuwa mgeni. Watu watalisoma jina lako. Napenda wakilisoma, wewe uwe umesimama chini yake.

Usidhani nakuamulia. Nilishaamua mara moja nikiwa nimelewa sifa, na sitaki kurudia. Karo ya muhula huu imelipwa, ni yule fahali wa nyanya yako wa Kitui tuliyemuuza, hakuna anayetudai. Ya muhula ujao sijui itatoka wapi. Sijui, Mwende, na sitajifanya najua. Mkokoteni unalisha, hausomeshi. Ukimkubali Mzee Kamau utasoma mpaka mwisho bila kulala njaa, na mimi sitakuona mbaya, na hutalisikia jambo hili kwangu tena. Ukimkataa, huenda akatutoa kwenye nyumba hii. Ni yake. Silanga kuna vyumba, vina harufu ya bwawa, lakini mama yako tayari ameniambia bwawa si kitu, na mama yako nimeshindana naye miaka ishirini sijashinda hata mara moja.

Mimi nilimpa mzee neno langu. Jina lako sikumpa, silo langu.

Kesho atakapoingia mimi nitakuwa nje nikifunga sanduku lako kwa kamba. Nitafunga polepole, nitafunga nifungue nifunge tena, sitaingia, kwa sababu nikiingia nitaongea. Mtazungumza nyinyi wawili. Ukitoka usinieleze, tutaenda stendi tukiongea mambo mengine.

Nasikia sauti yako kwa jirani, unacheka na wenzako. Umeanza kucheka kama mimi, pole sana. Nataka kuikunja hii kabla hujafika.

Mama yako atakupikia uji na mihogo mapema. Mzee akifika ukiwa bado unakula, mwache asubiri. Usisimame kwa sababu ya bahasha yake. Maliza kula kwanza, Mwende. Chai si chakula.

Babako,
Mutinda